Kuishi juu ya duka: mwongozo kamili wa kujikinga na moto na moshi kwa wakaaji wa etaji Lubumbashi

Usiku mmoja wa mwezi wa saba mke wangu aliniamsha: kuna kitu kinanuka kama sahani ya plastiki iliyosahauliwa juu ya mbabula (jiko la makala). Tunaishi etaji (ghorofa) ya kwanza, katikati ya mji hapa Lubumbashi, juu ya magazini ya magodoro. Nilipofungua mlango nikakuta moshi umening'inia kwenye ngazi kutoka dari hadi usawa wa kifua. Tukashuka tumeinama, mtoto mmoja mgongoni, mwingine mkononi, na nyuma yetu yaya wa etaji ya pili akiwa na mtoto mchanga. Chini geti la chuma lilikuwa limefungwa kwa kadena (kufuli), kwa nje. Ufunguo alikuwa nao sentineli, mlinzi wa jengo, na sentineli alikuwa amekwenda kulala kwenye parseli nyingine kwa ajili ya baridi.

Tulilipiga geti lile kwa mateke karibu dakika kumi kabla hajaja. Bahati yetu, moto wenyewe ulikuwa mdogo: ralonji (waya wa kuongezea) ya friji ya duka ilikuwa imeyeyuka chini ya kipande cha sponji, kikawa kinafuka bila kuwaka. Lau sponji ile ingeshika, dakika kumi zile zingetosha kutuua sote.

Mimi ni fundi umeme wa majengo. Tangu usiku ule, nikiitwa kwenye jengo lenye maduka chini na watu juu, sianzii kwenye nyaya. Natafuta kwanza njia ya moshi, kwa sababu moshi ndio unaoua watu wa juu. Moto wa dukani hauli dale ya beto (sakafu ya zege) kwa haraka, lakini moshi wake unapanda ngazi kwa dakika chache, na ndani yake kuna monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayomlegeza mtu kitandani kabla hajaona mwali wowote. Kwa hiyo hatua zilizo hapa chini zinafuata njia hiyohiyo ya moshi: dukani, darini, kwenye ngazi, mlangoni kwako, mpaka kitandani.

Kipimo kimoja tukibebe tangu mwanzo. Uingereza, ambako nyumba juu ya maduka ziko kila mji, mwongozo wa mwaka 2008 uliotolewa na LACORS, chombo kilichoratibu kazi za halmashauri, unashauri kwamba kati ya duka na makao ya watu kuwe na kizuizi kinachohimili moto dakika 60. Saa moja. Sisemi sheria yao inatawala Lubumbashi. Lakini moto hauna utaifa, na saa moja ni muda unaotosha kuamka, kuwaamsha wengine, kushuka na kuhesabiana. Kila ninachopendekeza ni jitihada ya kuipata saa hiyo kwa vifaa vinavyopatikana hapa kwetu.

Hatua ya kwanza: shuka dukani uangalie unalalia nini

Nenda mchana, kama jirani, salimia, zungumza. Usiende kama mkaguzi. Watu wengi wanajua jina la mwenye duka la chini, lakini hawajawahi kuona kilicho nyuma ya rafu zake.

Duka la unga, chumvi na vinywaji lina hatari ya kawaida. Linalonitia hofu ni lile la magodoro na viti vya sponji. Sponji ya kisasa ni poliuretani: ikishika, chumba kizima kinaweza kuwa mwali mmoja ndani ya dakika tatu hadi tano, na moshi wake unachanganya monoksidi ya kaboni na sianidi. Baada yake naweka duka la rangi na thina, karakana ya kuchomelea, mahali pa kutengeneza simu penye beseni la betri kuukuu za lithiamu, na stoo ya viatu au plastiki.

Essence (petroli ya magari) kwenye mabido (madumu) naiweka peke yake. Watu wanaichukulia kama mafuta mengine, na sivyo. Mazutu (dizeli) haitoi mvuke wa kushika moto mpaka ipate joto la zaidi ya nyuzi 55. Petroli ya taa, yaani mafuta ya taa, inahitaji takriban nyuzi 40. Essence inatoa mvuke huo hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, maana yake hapa Lubumbashi inautoa saa zote, mchana na usiku, kiangazi na masika. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Unatambaa sakafuni, unapita chini ya mlango, unafika kwenye mbabula ya mama anayepika uani mita kadhaa mbali, na moto unarudi kwa njia ileile hadi kwenye bido. Bido la lita 20 la essence ndani ya duka ambalo watu wanalala juu yake halina mazungumzo: litoke, leo.

Grupe (jenereta) ya dukani nayo iangalie. Ikae nje, penye hewa, mbali na dirisha la mtu yeyote na mbali na mlango wa ngazi. Isiwekwe kwenye koridoo hata wakati wa mvua. Mafuta yaongezwe ikiwa imezimwa na imepoa. Usiku wa umeme kukatika watu wana haraka, wanamimina essence juu ya ekzosi yenye moto.

Kabla hujaondoka uliza maswali mawili. Nani anafunga mwisho jioni? Na akifunga, anashusha dijonkteri kuu (swichi ya usalama inayokata umeme), au anaacha friji, chaja na taa zikijiendesha hadi asubuhi? Kama friji lazima ibaki, iwe na laini yake kutoka kwenye ubao wa umeme, bila ralonji.

Hatua ya pili: tafuta matundu kati ya dari yao na sakafu yako

Ukiwa na dale ya beto, shukuru, kisha tafuta matundu. Ukuta wa matofali ya kuchoma, hata yale ya udongo wa kichuguu tunayoyajua hapa, wenye unene wa nusu tofali na lipu pande zote mbili, unavuka saa moja bila shida. Udhaifu uko pale fundi bomba alipotoboa na hakuziba, pale nyaya zinapopanda kutoka ubao wa chini, pale palipokuwa na ngazi ya zamani iliyofunikwa kwa mbao na kapeti.

Kipimo rahisi ni pua. Ukinusa chumbani kwako samaki anayekaangwa kwenye resto ya chini, tundu lipo. Kipimo cha pili ni mwanga: usiku, zima taa zako zote, mtu awashe za dukani, wewe pita kando ya kuta na mabomba ukitazama sakafuni. Kila nuru unayoiona, moshi utaipita. Ziba kwa sima na mchanga, au kwa plasta ya jasi. Ile povu ya manjano inayouzwa kwenye makopo usiitumie kwa kazi hii. Inajaza tundu vizuri kwa macho, lakini ile ya kawaida inaungua.

Kama sakafu yako ni ya mbao, na chini yake wameweka plafoni ya triplex, kwa kweli hakuna kinachokutenga na duka. Triplex ni kuni. Dawa yake ni kuweka kwenye dari ya duka mbao za jasi tabaka mbili, kila moja ya milimita 12.5, viungo vya tabaka la pili visiangukie juu ya viungo vya la kwanza, na vyote vizibwe. Ikifungwa vizuri, kazi hiyo inafika karibu dakika 60. Tabaka moja linakupa takriban nusu yake. Ni gharama, na ni ya mwenye nyumba, nitarudi kwake.

Hatua ya tatu: ngazi na geti

Nikiambiwa nichague jambo moja la kurekebisha katika jengo zima, nachagua hapa. Ngazi ni njia yako ya pekee, na kwa umbo lake ni bomba la moshi.

Ngazi inayoanzia ndani ya duka ndiyo mbaya kuliko zote: unapita katikati ya bidhaa kwenda kulala, na moto ukianza kati ya bidhaa huna pa kupita. Itengwe kwa ukuta wa matofali kutoka chini hadi dari, na iwe na mlango wake wa barabarani. Kama lazima kubaki mlango kati ya duka na ngazi, uwe wa mbao nzito au wa kupe-fe (mlango uliotengenezwa kuzuia moto), na ujifunge wenyewe kwa springi. Milango ya kupe-fe inayoingizwa kutoka nje ina kibandiko au sahani ndogo ubavuni. Ukisoma EI 30 au EI 60, namba hiyo ni dakika.

Kisha ondoa vitu. Makartoni ya duka yaliyopangwa chini ya ngazi, magunia ya makala kwenye ubaraza, godoro kuukuu linalosubiri mtu wa kulichukua, pikipiki. Pikipiki hasa. Najua kwa nini inaingizwa ndani usiku, wezi hawalali, na mimi mwenyewe niliwahi kuwa na moja. Lakini ile ni tangi la essence lililoegeshwa kwenye njia yenu ya pekee ya kutokea. Itafutieni kizimba cha chuma uani. Kama ubao wa kompteri (mita ya umeme) uko chini ya ngazi, kama ilivyo katika majengo mengi, hakuna kitu kingine kinachopaswa kuwa pale. Hata ufagio.

Taa: usiku umeme umekatika na moshi umeshuka, hutaiona hata ngazi ya kwanza. Taa mbili ndogo za kuchajiwa, zile zinazowaka zenyewe umeme ukienda, moja kila ubaraza, zinatosha. Wapangaji watatu wakichanga, kila mmoja anatoa kidogo.

Sasa geti. Wenye nyumba wanafunga kadena kwa sababu ya wezi, na wezi ni wa kweli. Ila geti la watu wanaolala lazima lifunguke kutoka ndani bila ufunguo, kwa mkono mmoja, gizani, na mtu ambaye hajawahi kulitumia. Fundi chuma anaweza kutengeneza komeo la ndani kwa siku moja. Ili mwizi asipenyeze mkono kati ya nondo na kulivuta, anachomelea bati zito kuzunguka komeo, kiasi cha nusu mita kila upande. Nimeona mageti ya namna hiyo Kamalondo na Kampemba, na yanalinda sawa na kadena.

Mwenye nyumba akikataa kabisa, kila familia iwe na ufunguo wake, na mmoja wa ziada utundikwe upande wa ndani wa geti, pasipofikika kutoka barabarani. Hiyo naihesabu kuwa nusu ya suluhisho. Ufunguo unapotea, mkono unatetemeka, kadena linashika kutu msimu wa mvua. Lakini ni afadhali mara mia kuliko ufunguo ulio mfukoni mwa sentineli.

Hatua ya nne: mlango wako na madirisha yako

Mlango wa izoplani, ule mwepesi ulio mtupu katikati, unatobolewa na moto ndani ya dakika chache. Mlango wa mbao nzito wenye unene wa milimita 44, uliokaa vizuri kwenye fremu yake, pengo pembeni lisizidi milimita tatu au nne, unakaribia nusu saa. Maseremala wetu wanaweza kuutengeneza. Wape kipimo, sisitiza mbao kavu, kwa sababu mbao mbichi itajikunja kiangazi kikifika na pengo litakuwa la kupitisha kidole.

Ndani ya nyumba, fungeni milango ya vyumba usiku. Ni tendo lisilogharimu hata faranga moja, na linaweza kuuzuia moshi kwa dakika kadhaa za thamani. Wazazi wengi wanaacha wazi ili wamsikie mtoto. Nawaelewa. Kigunduzi cha moshi, nitakachokieleza mbele, ndicho kitakachowasikilizia.

Antivol za madirisha zinahitaji uamuzi wa kijasiri. Nondo zilizochomelewa pande zote nne zinamzuia mwizi kuingia na zinamzuia mtoto wako kutoka. Katika kila chumba cha kulala, au angalau katika chumba kimoja kinachotazama barabara, nondo za dirisha moja ziwekwe bawaba na kufunguka kwa ndani. Nafasi iwe walau sentimita 45 kwa 75, mtu mzima apite. Ufunguo utundikwe kwenye msumari ukutani, chini kiasi cha mtoto kuufikia, mbali kiasi cha mtu wa nje kutoufikia. Na usihame hapo hata siku moja.

Hatua ya tano: umeme

Hapa ni kazi yangu, nitakaa kidogo.

Voltaji yetu ni 220. Gawanya wati za kifaa kwa 220 upate ampea. Resho (jiko dogo) ya umeme ya wati 2,000 inavuta ampea 9. Pasi ya 1,200, zaidi ya 5. Birika la wati 2,000, tena 9. Sasa chukua ralonji ya bei nafuu ya sokoni. Waya wake mara nyingi ni wa milimita mraba 0.75, na wa namna hiyo haupaswi kubeba zaidi ya ampea 6. Ukiweka resho peke yake umeshapita. Waya hauwaki papo hapo. Unapata joto, plastiki inalainika, siku moja inakuwa ngumu na kupasuka, siku nyingine nyaya mbili zinagusana chini ya kapeti. Ndivyo ilivyotokea chini yetu usiku ule.

Kwa hiyo: taa, waya wa 1.5 na dijonkteri ya ampea 10, isizidi 16. Priza, waya wa 2.5 na dijonkteri ya 16 au 20. Jiko kubwa la umeme, waya wa 6 na dijonkteri ya 32, laini yake peke yake. Anayekuja kwako kwa sababu dijonkteri inaanguka kila jioni, akaiondoa ya 16 na kuweka ya 32 juu ya waya uleule wa 2.5, huyo amekuondolea mlinzi. Dijonkteri ikianguka inakuambia waya umezidiwa. Sikiliza, punguza mzigo au badilisha waya. Vivyo hivyo kipande cha waya kilichokunjwa mahali pa fyuzi: nikikikuta, sigusi kazi nyingine mpaka kimetoka.

Omba diferensheli kwenye ubao, yaani swichi inayokata umeme ukivuja. Ya miliampea 300 mwanzoni mwa jengo inakata umeme unaovuja ukutani kabla haujawasha kitu. Ya miliampea 30 kwenye priza na bafu inaokoa mtu aliyeshikwa. Ili zifanye kazi yake yote zinahitaji waya wa ardhini ulio mzima, siyo ule uliokatwa wakati wa kupaka rangi.

Duka na nyumba viwe na laini tofauti, kila upande na dijonkteri yake yenye jina lililoandikwa kwa kalamu isiyofutika, na wewe ujue ipi inakata nini. Mara nyingi nakuta duka limechukua umeme kutoka nyumba ya juu, au kinyume chake, kwa waya uliopitishwa dirishani. Siku ya moto hakuna anayejua akate wapi.

Na wakati wa delestaji, umeme ukienda, chomoa. Unaporudi voltaji inaweza kuruka, na resho uliyoisahau imewaka inarudi na wewe uko kanisani. Subiri dakika chache, kisha chomeka kimoja kimoja. Mishumaa iondoke nyumbani kabisa. Taa ya kuchajiwa ya sola imeshafika kila soko, Njanja na soko la Kenya, ile komini ya hapa mjini.

Gusa priza zako mara moja kwa mwezi, baada ya chakula cha jioni, kwa mgongo wa mkono. Yenye joto, au yenye doa la kahawia, isitumike mpaka fundi aje.

Hatua ya sita: mbabula, gesi na baridi ya Juni

Mbabula ipikiwe mahali penye hewa, juu ya sakafu ya sima, mbali na pazia, na mtu awe karibu. Majivu yamwagiwe maji kabla ya kuyatupa; kaa jekundu linaweza kujificha ndani ya majivu saa nyingi, na kwenye kiangazi chetu, Mei hadi Septemba, kila kitu uani ni kikavu.

Juni na Julai usiku ni baridi kali, na kuna familia zinazoingiza mbabula chumbani zipate joto. Naomba kwa moyo wangu wote: msifanye. Makala yaliyowaka mekundu bila moshi ndiyo yanayotoa monoksidi ya kaboni kwa wingi, na chumba kilichofungwa vizuri kwa ajili ya baridi ndicho kinachoikusanya. Hakuna harufu ya kumwamsha mtu. Blanketi mbili, soksi, chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa taulo.

Chupa ya gesi isimame wima, isilazwe. Paka maji ya sabuni kwenye viungo kila unapobadilisha chupa. Yakitoa mapovu, funga, rekebisha. Ukinusa gesi ndani, funga valvu, fungua madirisha, toka. Usiguse swichi yoyote, wala kuwasha wala kuzima. Gesi hii nayo ni nzito kuliko hewa, itashuka dukani kupitia matundu yaleyale uliyoyaacha katika hatua ya pili.

Mafuta ya kukaangia yakishika moto: zima jiko, funika sufuria kwa kifuniko au taulo iliyoloweshwa na kukamuliwa, acha ipoe nusu saa. Maji hapana. Maji yatageuka mvuke chini ya mafuta na kuyarusha yakiwaka hadi darini.

Hatua ya saba: kigunduzi na estinteri (kizima moto)

Kigunduzi cha moshi ni kidude cha betri cha ukubwa wa sahani ya chai, kinapiga kelele ya desibeli 85. England tangu Oktoba 2015 mwenye nyumba ya kupangisha analazimika kuweka kimoja kila ghorofa yenye chumba kinachokaliwa na watu. Kwako weka kimoja kwenye ngazi na kimoja kwenye koridoo ya vyumba, darini, sentimita 30 au zaidi kutoka ukutani. Jikoni na bafuni hapana, mvuke utakichosha na wewe utakichomoa betri. Bonyeza kitufe mara moja kwa mwezi. Kikifika miaka kumi, kibadilishe hata kama bado kinalia.

Bora zaidi ni vigunduzi vinavyoongea vyenyewe kwa vyenyewe kwa redio: cha dukani kikilia saa nane usiku, cha chumbani kwako kinalia pia. Duka likifungwa hakuna pua ndani yake. Kama una uwezo wa kununua seti moja tu maishani, nunua hiyo, na umwombe mwenye duka akuruhusu uweke kimoja chini.

Estinteri ya kilo 6 ya poda ya ABC inafaa mbao, mafuta na gesi, na inaweza kutumika kwenye vifaa vya umeme. Moja dukani, moja kwenye ubaraza wa ngazi. Sindano ya saa yake ya presha iwe kwenye kijani, pini iwe na kifungo chake, na ikaguliwe kila mwaka. Vuta pini, simama mita tatu hivi, lenga kwenye shina la moto na siyo kwenye miali, bana, fagia kulia na kushoto. Utakuwa na kama sekunde 15 hadi 20 tu za poda. Kwa hiyo ni kwa moto wa ukubwa wa ndoo, ukiwa na mlango wa kutokea nyuma yako. Ukiwa mkubwa kuliko hapo, acha, funga mlango, toka.

Hatua ya nane: kuzungumza na mwenye nyumba, na karatasi

Usianze kwa vitisho. Anza kwa heshima na kwa picha ulizopiga kwenye simu. "Papa, shikamoo. Nimekuja kuhusu geti la chini. Tuko familia nne, watoto tisa. Fundi amenipa bei ya komeo, hii hapa." Ukimletea tatizo likiwa na bei na fundi, umemfupishia safari. Nenda na jirani mmoja mzee, na mwenye duka pia ikiwezekana, kwa sababu mali yake ndiyo itakayoungua ya kwanza.

Ikibidi kwenda zaidi, jua unasimama wapi. Nyumba za kupanga za makao zinatawaliwa na Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015. Katika Kitabu cha Tatu cha sheria ya madai ya Kongo, ibara ya 258 inasema anayemsababishia mwenzake hasara kwa kosa lake anapaswa kuilipa, na ibara ya 260 inafika hadi hasara inayoletwa na vitu vilivyo chini ya ulinzi wa mtu. Hiyo inamgusa mwenye duka aliyeacha ralonji yake, na inakugusa wewe pia na mbabula yako. Kuhusu bima ya moto, Kanuni ya bima ya mwaka 2015 ilifungua soko kwa makampuni mengine mbali na SONAS, kampuni ya bima ya serikali. Mwombe mwenye nyumba akuonyeshe hati yake, uone kama inataja kwamba chini kuna biashara na ni ya aina gani. Bima iliyoandikwa kwa ajili ya nyumba ya kulala, huku chini kuna thina, italeta ugomvi siku ya kulipwa.

Kabla ya kutoa garanti (dhamana ya pango) kwa nyumba mpya, andikeni hali ya nyumba pamoja, mkitaja geti, ngazi, dijonkteri na antivol, kila mmoja abaki na nakala yenye sahihi. Na kama geti halifunguki kwa ndani, mwambie utalipa likishatengenezwa. Siku hiyo ndiyo una nguvu. Mwezi wa pili huna.

Hatua ya tisa: fanyeni mazoezi, kisha usiku wenyewe

Tafuteni namba ya wazima moto wa mji kwenye komini yenu, ipigeni mara moja kuhakikisha inaita, iandikeni ukutani kando ya mlango pamoja na namba ya mwenye duka na ya sentineli. Hata hivyo pangeni dakika kumi za kwanza kana kwamba mko peke yenu.

Zoezi lifanyeni usiku, taa zimezimwa, watoto wakiwa na usingizi kidogo. Kila mtu atoke kitandani hadi barabarani, anafungua geti mwenyewe, hata mtoto wa miaka saba. Pimeni kwa simu. Sisi mara ya kwanza tulitumia dakika nne na nusu, kwa sababu ya kutafuta viatu na kubishana juu ya nani ambebe mdogo. Sasa mdogo ana mtu wake, jina limeandikwa, na hakuna viatu.

Usiku wa kweli: mguse mlango kwa mgongo wa mkono. Ukiwa baridi, fungua taratibu, shuka ukitambaa kama kuna moshi, maana hewa iliyo bora iko karibu na sakafu, funga kila mlango nyuma yako, gonga kwa majirani huku unapita. Usirudi kwa simu, wala hati ya parseli, wala pesa.

Ukiwa wa moto, au ngazi imejaa moshi, usishuke. Funga, ziba chini ya mlango kwa nguo zilizoloweshwa, nenda dirisha la barabarani, lifungue, piga kelele, pungia shuka nyeupe. Etaji ya kwanza, kama hakuna msaada na moshi unaingia, tupa godoro chini, toka miguu kwanza, ning'inia kwa mikono hadi urefu wako wote kisha uachie. Unakuwa umepunguza karibu mita mbili za kuanguka. Kutoka etaji ya pili kwenda juu usijaribu hilo, subiri dirishani, mdomo nje.

Aliyeungua apozwe kwa maji ya kawaida yanayotiririka dakika 20, vito na saa vitolewe, kisha afunikwe kwa kitambaa safi. Dawa ya meno, mafuta, yai, asali, hapana. Aliyevuta moshi mwingi apelekwe hospitali hata akisema hajambo, kwa sababu monoksidi ya kaboni inaendelea kumfanyia kazi akiwa amekaa anazungumza.

Mahali pa kukutania pawe ng'ambo ya barabara, mbele ya kitu kisichohama. Sisi tumechagua mwembe wa jirani. Mtu mmoja anahesabu kwa majina, sauti kubwa, familia kwa familia, pamoja na mgeni aliyelala sebuleni na binti wa kazi. Yaya wa etaji ya pili ndiye mhesabuji wetu. Yule mtoto mchanga sasa anatembea, na kwenye zoezi la mwisho alishuka ngazi kwa miguu yake, akashika komeo, akalivuta.